Maji, sabuni, spiriti au mafuta ya taa: doa lako ni la ukoo gani?

Anayejua kupasua fenesi haanzi na kisu, anaanza na mafuta. Anapaka viganja, anapaka kisu mpaka kwenye mpini, ndipo anapasua. Ukisahau, ulimbo unakuganda vidoleni, na hata ukinawa ndoo nzima ya maji hautoki, unazidi kunata tu. Lakini mafuta kidogo ya kupikia yakisuguliwa taratibu, ulimbo unalegea na kufutika kwa kitambaa.

Mimi nafua nguo za watu kwa mkono, na fenesi limenifundisha kazi hii kuliko maandishi ya pakiti zote za sabuni. Kila wiki naulizwa, "Dada, nitumie nini kutoa hili doa?" Anayeuliza anasubiri nimtajie jina la dawa kali. Mimi namuuliza kwanza doa lenyewe ni la nini, kwa sababu doa hutoka likikutana na kimiminika cha ukoo wake. Ukali wa dawa mara nyingi huishia kwenye nguo na kuliacha doa palepale.

Vimiminika vinne vinapatikana karibu kila mtaa: maji, sabuni, spiriti na mafuta ya taa. Nimevilinganisha hapa kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja nimeshaona kikiokoa nguo, na kila kimoja nimeshaona kikiiharibu.

Kwa nini vingine huchanganyika na vingine hukataa

Weka glasi mbili za maji mezani, mbali na moto. Moja tia spiriti kidogo, nyingine mafuta ya taa kidogo, kisha koroga zote mbili. Spiriti inapotelea ndani ya maji, huioni tena. Mafuta ya taa yanatawanyika vitone vitone, halafu yanapanda na kutulia juu kama mfuniko. Wengi wetu tuliambiwa sababu ni wepesi wa mafuta. Basi pima: lita moja ya maji ina kilo moja, lita ya spiriti safi ina kama kilo 0.79, na lita ya mafuta ya taa ina kama kilo 0.8. Spiriti na mafuta ya taa karibu zinalingana! Kama wepesi ungekuwa ndio sababu, spiriti nayo ingeelea. Wepesi unaamua nani akae juu baada ya kutengana, lakini hauamui nani atengane na nani.

Kinachoamua ni namna molekuli zinavyoshikana. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na oksijeni inavutia chaji upande wake. Hivyo upande mmoja una chaji hasi kidogo, mwingine chanya kidogo, na molekuli moja inashika jirani yake kama watu walioshikana mikono kwenye duara. Mgeni anayetaka kuingia lazima awe na mkono wa kushikwa. Chumvi anao: maji mililita 100 yanabeba kama gramu 36 za chumvi. Sukari anayo mikono mingi zaidi, na maji hayohayo yanaweza kubeba hadi gramu 200 hivi. Mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyo na chaji ya kushikwa. Maji yanaendelea kushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta yanabaki nje ya duara.

Kwenye nguo ni vilevile. Doa la chumvi au sukari ni la ukoo wa maji, doa la grisi ni la ukoo wa mafuta, na yako madoa yanayokaa katikati, hayo ndiyo yanayotutesa.

Nitakipima kila kimiminika kwa mambo manne: kinashika nini, kinakitendeaje kitambaa, kina hatari gani, na kinaacha nini kikikauka. Bei sitaizungumzia sana, maana inatofautiana mji hadi mji na kiasi kinachohitajika kwa doa moja ni kidogo.

Maji matupu

Watu huyadharau kwa kuwa ni ya bure au ya bei ndogo, wakakimbilia sabuni. Yanashika jasho lililoacha mstari wa chumvi kwenye kola, soda, juisi, chai ya rangi kabla haijakauka, na ile rangi ya maji ya ukutani ikiwa bado mbichi. Damu pia, ila maji yawe ya baridi. Ukiimwagia maji ya moto, protini yake inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango na kushikamana na uzi.

Kwa mafuta, maji ya moto yanadanganya. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto kama 24, ya ng'ombe yanahitaji nyuzi 40 na zaidi, kwa hiyo ukichovya shati lenye mchuzi kwenye maji ya moto utaona macho ya mafuta yakielea, ukafurahi. Lakini yameyeyuka tu, hayajachanganyika. Maji yakipoa, au ukiivuta nguo juu kupitia utando ule, mafuta yanarudi kwenye kitambaa na safari hii yanaenea.

Pamba maji hayaidhuru. Hariri yanaweza kuiachia alama za matone, na kanga mpya itatoa rangi, kwa hiyo ifuliwe peke yake mara za kwanza. Hatari kwa mtu hakuna, ukiondoa kuungua kwa maji yanayochemka. Yakikauka hayaachi kitu kama ni maji baridi ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ugumu na weupe kwenye nguo nyeusi, watu wa pwani mnanielewa.

Sabuni

Kabla ya sabuni, fikiria tui la nazi. Ndani yake kuna maji na mafuta, na bado ni kitu kimoja cheupe, kwa sababu protini za nazi zimevizunguka vitone vya mafuta na kuvizuia visiungane. Ukiliacha kwenye bakuli, zito linapanda juu. Ukilichemsha kwa moto mkali bila kukoroga, linakatika, mafuta upande wake na maji upande wake. Mpishi anayekoroga tui lisikatike yuko kwenye kazi ileile ya dobi, kuweka mafuta na maji pamoja kwa msaada wa mtu wa tatu.

Sabuni ndiye huyo wa tatu, na ameumbwa vizuri kuliko protini za nazi. Molekuli yake ina kichwa chenye chaji kinachoshikana na maji, na mkia mrefu wa kaboni unaoingia kwenye mafuta. Ukisugua, mikia inachoma kwenye grisi, vichwa vinabaki nje, na kitone cha grisi kinang'oka kikiwa kimevishwa koti ambalo maji yanalikubali. Kwa hiyo sabuni inashika kwa upana kuliko vyote vinne: mchuzi, samli, maziwa, jasho la mafuta ya mwili, masizi, losheni. Ila haiyeyushi mafuta, inayabeba. Inahitaji maji mengi, kusugua na muda. Doa zito la grisi ya mnyororo wa baiskeli linaielemea, unasugua mpaka vidole vinachubuka na bado kivuli kipo.

Hapa namkumbuka mwanamke mmoja wa Ujerumani, Agnes Pockels. Hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu, alikuwa nyumbani akiosha vyombo na kutunza wazazi, na akaanza kuchunguza utando unaofanywa na mafuta na sabuni juu ya maji ya kuoshea. Alitengeneza kifaa chake mwenyewe cha kuupimia. Mwaka 1891 alimwandikia mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh, naye akaipeleka barua hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature. Nikiwa nimeinama kwenye beseni napenda kukumbuka kwamba elimu hii ilipita kwanza mikononi mwa mtu aliyekuwa anaosha sahani.

Kuhusu maji magumu: visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba kalisi, yale madini ya chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na kalisi inaganda kuwa uchafu mweupe, povu halitoki, na unamaliza nusu mche bila kufua. Sabuni ya unga inastahimili zaidi. Ukiwa na mche tu, tumia maji ya mvua au ya bomba lisilo na chumvi angalau kwa sehemu yenye doa.

Pamba na tetroni zinaipenda sabuni. Sufu na hariri hazipendi ile kali, zinapoteza ulaini. Hatari yake ni ndogo, mikono kukauka na kupasuka tu. Ikikauka bila kusuuzwa vizuri inaacha utando unaovuta vumbi, na kesho utadhani doa limerudi.

Spiriti

Namaanisha spiriti isiyo na rangi, ile ya kusafishia kidonda. Iliyotiwa rangi huweza kuacha doa jipya juu ya la zamani. Sanitaiza ya mikono nayo inafaa, ila jeli yake isuuzwe.

Spiriti ni mtu wa kati kwa asili. Upande mmoja wa molekuli yake unashikana na maji, upande wa pili ni mkia mfupi wa kaboni mbili unaoelewana na vitu vya ukoo wa mafuta. Inaingiliana na maji kwa kiasi chochote, tena kwa kubana kabisa: ukichanganya mililita 50 za maji na 50 za spiriti safi isiyo na maji hupati 100, unapata kama 96, kwa sababu molekuli zinajipanga kwa kukaribiana zaidi. Kwa hiyo spiriti inafika mahali maji hayafiki na mafuta ya taa hayahitajiki. Wino wa biro ni mfano wake mkubwa. Biro, iliyopewa jina la Mhungari László Bíró, ina wino mzito uliotengenezwa usichuruzike kama wino wa maji, ndiyo maana shati la shule lenye mstari wa biro halijali ukiliosha kwa maji siku nzima. Spiriti inaulegeza kwa dakika chache. Inafaa pia kwa rangi ya mdomo, rangi ya nywele ikiwa bado mbichi, na manjano, kile kiungo cha mchuzi.

Manjano yanastahili maelezo. Kijana mmoja aliniletea kanzu nyeupe ya tetroni, Jumatatu baada ya harusi, ina tone la mchuzi wa biriani kifuani. Mama yake alikuwa ameshapitisha mche wa sabuni, na doa la njano likageuka jekundu, wakaogopa kwamba sabuni imeunguza kanzu. Haikuungua. Rangi ya manjano hubadilika kuwa nyekundu ikikutana na kitu chenye magadi magadi kama sabuni, na hurudi njano ukiigusisha ndimu au siki. Rangi hiyo haiyeyuki kwenye maji, ila inayeyuka kwenye mafuta na kwenye spiriti. Nilisuuza sabuni yote, nikaweka kitambaa cheupe chini ya doa, nikalowesha pamba kwa spiriti na kulibonyeza kutoka juu. Kitambaa cha chini kilipokuwa njano nilikigeuza upande msafi, nikarudia mara nne. Baada ya hapo sabuni kwa ajili ya mafuta ya mchuzi, kisha juani. Kivuli cha njano kilichobaki jua lililimaliza kwa siku mbili, maana rangi ya manjano haivumilii mwanga.

Kitambaa: spiriti huitoa rangi ya nguo kama inavyotoa rangi ya doa, haijui ipi ni ipi. Ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Dawa ya kutoa rangi ya kucha ni jambo jingine kabisa, ile yenye asetoni inaweza kuyeyusha bitana ya asetati papo hapo ukabaki na tundu.

Hatari ni moto. Watu huamini mafuta ya taa ndiyo yanayowaka upesi, kumbe mvuke wa spiriti unashika moto hata hewa ikiwa chini ya nyuzi 20, wakati mafuta ya taa huhitaji kupashwa kufikia nyuzi 38 na zaidi. Katika joto letu la kawaida, spiriti iliyo wazi karibu na jiko ni hatari kuliko chupa ya mafuta ya taa. Ikikauka haiachi kitu, isipokuwa duara la rangi iliyosukumwa pembeni kama ulimwaga badala ya kubonyeza.

Mafuta ya taa na nduguze

Hapa tuko ndani ya ukoo wa mafuta. Lami, grisi, nta ya mshumaa, rangi ya mafuta ambayo haijakauka: vyote vinaingia kwenye mafuta ya taa kama sukari kwenye chai. Tapentaini ya mafundi rangi ni wa familia hiyohiyo. Mafuta ya kupikia ni ndugu mpole, anafanya polepole lakini hana harufu wala sumu, na kwa ulimbo, lami ya mguuni au chingamu kwenye nywele za mtoto mimi huanza naye kabla ya mwingine yeyote.

Pamba haina shida na mafuta ya taa. Lastiki ya kiunoni huvimba na kulegea, na michoro ya fulana hulainika na kubanduka. Tetroni inahitaji subira, kwa sababu nyuzi za poliesta ndani yake zenyewe zinapenda mafuta, na grisi inazing'ang'ania kuliko inavyoing'ang'ania pamba.

Hatari ni nyingi. Mvuke unaumiza kichwa, ngozi inakauka. Mtoto akinywa, hata kidogo, yanaweza kuingia mapafuni. Usimtapishe, mkimbize hospitali. Na kuna pasi ya mkaa. Nguo iliyosuguliwa kwa mafuta ya taa isiguswe na pasi hiyo mpaka imefuliwa kwa sabuni, imesuuzwa na kuanikwa nje mpaka harufu imekwisha. Petroli usiiguse kwa kazi hii. Mvuke wake unashika moto kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la jirani.

Yakikauka mafuta ya taa yanaacha duara la mafuta na harufu, kwa hiyo hayamalizi kazi peke yake. Nyuma yake lazima ije sabuni.

Jiki, na madoa yaliyobadilika

Jiki haichanganyiki na doa wala kulibeba, inavunja rangi yake. Kwa pamba nyeupe yenye kivuli kilichobaki inafaa, kwa grisi haisaidii. Usiichanganye na ndimu, siki wala spiriti, hutoa gesi na kemikali za sumu.

Halafu yako madoa yaliyoacha kuwa kile yalichokuwa. Rangi ya mafuta ikikauka imeungana na oksijeni ya hewani na kuwa wavu mmoja mgumu, mafuta ya taa hayaiingii tena. Rangi ya maji ikikauka nayo inashikamana, maji hayaifungui. Utomvu wa ndizi mbichi ukishakuwa mweusi kwenye pamba, mimi humwambia mwenye nguo ukweli mapema kabla sijapokea hela yake.

Kwa hali yako

Mwenye mtoto wa shule, weka kichupa cha spiriti juu ya kabati asipofikia, kwa ajili ya biro, na sabuni kwa mengine yote. Mafuta ya taa huna haja nayo nyumbani kwa ajili ya nguo.

Fundi wa magari au baiskeli, anza na mafuta ya taa kidogo kwenye doa kavu, kabla ovaroli haijagusa maji. Ukilowesha kwanza, maji yanajaa kwenye nyuzi na kuyazuia mafuta ya taa yasiifikie grisi. Kisha sabuni ya unga, tena nyingi.

Mpishi na mama ntilie, sabuni inawatosha siku nyingi, ila kwa mchuzi wa manjano spiriti itangulie. Kwa chai ya maziwa, maji ya baridi kwanza kwa sukari na rangi ya chai, ndipo sabuni kwa mafuta ya maziwa.

Mwenye hariri, sufu au nguo ya kuazima, usijaribu lolote kati ya haya kwenye kifua cha nguo. Pindo la ndani kwanza, subiri likauke, ndipo uamue, au mpelekee mwenye ujuzi na umwambie doa ni la nini. Kumficha hakusaidii.

Na kama hujui doa limetoka wapi, dondosha tone moja la maji juu yake na jingine pembeni kwenye sehemu safi. Yakinyweka yote mawili kwa pamoja, jaribu maji kwanza. La pembeni likinyweka na la kwenye doa likasimama duara kama shanga, hapo pana mafuta, anza na sabuni.